Rubani Cull na Manowari ya Rufiji: Jinsi Ndege Ilivyotumika Kuelekeza Mizinga

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, ndege ilikuwa chombo ambacho hakijatimiza hata miaka kumi na moja tangu ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walipoirusha kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1903. Majeshi ya Ulaya yalikuwa na ndege chache, na maofisa wengi waliziona kuwa ni vyombo vya maonyesho tu. Haikujulikana bado zingefaa kwa kazi gani vitani. Na kuhusu nchi za joto, haikujulikana kama zingeweza kutegemewa hata kupaa. Maswali hayo mawili yalijaribiwa, miongoni mwa mahali pengine, katika delta ya Mto Rufiji, na mmoja wa waliohusika zaidi alikuwa John Tulloch Cull, rubani katika tawi la ndege la Jeshi la Majini la Uingereza.

Habari za Cull husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha ushujaa. Ushujaa ulikuwapo, tena si haba. Lakini msomaji mwenye mazoea ya sayansi akizipitia habari hizo ataona ndani yake jambo la pili lenye manufaa zaidi kwake: jaribio lililoshindwa mara kadhaa, kila mara kwa sababu tofauti, mpaka wahusika walipotambua kwamba kuona shabaha si sawa na kujua kombora lako limeanguka wapi.

Manowari iliyojificha

Königsberg ilikuwa manowari ya Kijerumani yenye urefu wa mita 115 hivi, na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Unguja ili mitambo yake itengenezwe, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikatoweka baharini, na kwa zaidi ya mwezi mmoja Waingereza hawakujua iko wapi.

Königsberg nayo ilikuwa na mitambo mibovu. Ilikuwa imeingia katika delta ya Rufiji, mahali ambapo mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kufika Bahari ya Hindi, na ambapo misitu ya mikoko hufunika kingo zote. Sehemu za mitambo zilizoharibika zilivutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa kwa njia ile ile. Kazi hiyo ilifanywa kwa mabega na mikono ya vibarua wa Kiafrika. Vitabu vya vita hutaja jina la kila ofisa aliyekuwa ndani ya meli. Majina ya waliobeba vyuma hivyo hayatajwi.

Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua. Kuigundua, hata hivyo, hakukuwa na faida kubwa. Meli kubwa za Waingereza zilihitaji maji yenye kina kuliko yale ya milango ya mto, hivyo zililazimika kukaa nje. Kutoka nje, aliyepanda juu ya mlingoti aliona ncha za milingoti ya adui juu ya miti, na siku nyingine hakuona hata hizo, kwa kuwa Looff aliisogeza meli yake ndani zaidi. Kwenye milango ya mto Wajerumani walikuwa wameweka askari wenye bunduki na mizinga midogo, pamoja na waangalizi walioungana na meli kwa simu. Waingereza walizamisha meli kuukuu katika mkono mmoja wa mto ili kuuziba, lakini mikono ilikuwa mingi. Ikabaki njia moja ya kuona kilichokuwa nyuma ya mikoko, nayo ni kutoka juu.

Cutler na rejeta ya Ford

Rubani wa kwanza kuletwa hakuwa askari. H. Dennis Cutler alikuwa Mwingereza aliyekuwa akirusha ndege kwa maonyesho huko Durban, Afrika Kusini. Jeshi la Majini lilimpa cheo, likachukua ndege aina ya Curtiss yenye umbo la mashua, na mwezi Novemba 1914 likamshusha katika kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia.

Katika safari yake ya kwanza Cutler alipotea mawinguni. Hakuwa na vyombo vya kumwonyesha njia kama vile ambavyo marubani wa baadaye walivizoea. Akashuka karibu na kisiwa kingine, Okuza, ndiko alikookotwa saa kadhaa baadaye. Rejeta ya injini yake ilikuwa ikivuja. Vipuri vya Curtiss havikupatikana popote katika pwani hii, basi ikatumwa manowari Mombasa, ikarudi na rejeta ya motokaa ya Ford, nayo ikafungwa ndani ya ndege. Kwa chombo hicho kilichoungwa-ungwa Cutler aliiona Königsberg, na baadaye akamchukua ofisa mmoja wa manowari ili naye aishuhudie, maana wakubwa walitaka neno la baharia. Tarehe 10 Desemba injini ilimfia juu ya delta. Akashuka mtoni akakamatwa, ingawa mashua ya mvuke ilifaulu kuivuta ndege yake kutoka huko huku ikipigwa risasi.

Kazi ya Cutler ilikuwa ya wiki chache tu, lakini ilithibitisha kwamba manowari ilionekana kutoka angani. Iliyobaki ilikuwa kupata ndege itakayodumu.

Kwa nini ndege zilikataa kupaa

Cull aliwasili mwezi Februari 1915 akiwa na ndege mbili aina ya Sopwith, zenye maboya badala ya magurudumu ili zipae na kutua majini. Kwa karatasi zilikuwa ndege nzuri. Katika maji ya Nyororo zilikataa kazi. Zilipotakiwa kubeba mwangalizi pamoja na mabomu hazikuweza hata kuondoka majini. Sababu zake zafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa sheria zinazohusika hazijabadilika, na rubani yeyote anayeondoka katika uwanja wa pwani yetu mchana wa jua kali hukutana nazo.

Ndege huelea kwa sababu mabawa yake husukuma hewa chini, nayo hewa huyasukuma mabawa juu. Kani hiyo ya kunyanyua hutegemea eneo la mabawa, mwendo wa ndege na densiti ya hewa, yaani uzito wa hewa iliyomo katika mita moja ya ujazo. Hewa kavu ya usawa wa bahari yenye joto la digrii 15 za Selsiasi, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha wahandisi, ina kilo 1.225 katika kila mita ya ujazo. Ikipashwa mpaka digrii 32, hewa hiyo hutanuka na kubaki na kilo 1.16 hivi. Ongeza unyevunyevu: molekyuli ya maji ni nyepesi kuliko zile za nitrojeni na oksijeni ambazo huchukua nafasi yake, kwa hiyo hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi zaidi kuliko hewa kavu ya joto lile lile. Jumla ya upungufu huweza kufikia asilimia 6 au 7.

Asilimia 6 huonekana kuwa kitu kidogo, lakini hasara hiyo hutozwa mara tatu. Bawa hupata kani pungufu. Injini huvuta oksijeni pungufu katika kila mzunguko, hivyo nguvu yake hushuka. Rafadha nayo husukuma hewa nyepesi. Ndege ya kisasa ina akiba ya nguvu ya kufidia hasara hizo. Sopwith ya mwaka 1915, yenye injini ya nguvu za farasi 100 tu, ilikuwa na akiba ndogo mno. Tena ilipaswa kujinasua majini. Boya linapopita majini hushikwa na maji, na mshiko huo huongezeka mpaka ndege ifikie mwendo wa kutosha kuteleza juu ya uso wa maji. Bahari ikiwa shwari kabisa mshiko huwa mkubwa zaidi, kwani hakuna viwimbi vya kuingiza hewa chini ya boya. Hivyo asubuhi tulivu ambayo baharia angeifurahia ilikuwa adui wa rubani.

Kulikuwa na jambo la pili. Ndege hizo zilikuwa za mbao, nguo na gundi. Rafadha haikuchongwa katika gogo moja, bali ilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na gundi ya siku hizo ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi ya namna hiyo hushika vizuri katika ghala kavu la Ulaya. Katika joto na unyevu wa pwani hulainika, na mbao huanza kuachana. Maboya yalipinda, yakavuja. Mafundi wa Cull walitumia muda mwingi wakikausha, wakigandisha na kukaza kuliko muda ambao ndege ilikuwa angani.

Mwezi Aprili zikaletwa kutoka Bombay ndege tatu aina ya Short zilizokwisha kutumika, nazo zikawekwa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi Januari. Hizi ziliweza kumbeba mwangalizi, lakini hazikupanda zaidi ya mita mia chache. Tarehe 25 Aprili 1915 Cull alipita na mojawapo juu ya Königsberg kwa kimo hicho kidogo, na picha zikapigwa. Ni miongoni mwa picha za mwanzo za kijeshi kupigwa kutoka angani katika Afrika Mashariki. Ilibainika kwamba manowari haikuwa gofu lililoachwa, kama wengine walivyotumaini: ilikuwa imetunzwa, ina watu, na moshi ulitoka katika mabomba yake. Askari waliokuwa mikokoni waliipiga ndege kwa bunduki za kawaida, nayo ikarudi na matundu ya risasi. Ndege inayopita chini kiasi cha kupigwa na bunduki haiwezi kuzunguka mahali pamoja kwa saa nzima, na kazi iliyokuwa ikija ilihitaji hivyo hasa.

Ndege za nchi kavu na meli za kina kifupi

Ufumbuzi wa tatizo la ndege ulikuwa kuachana na maboya. Mwezi Juni 1915 ziliwasili Mafia ndege nne za magurudumu, mbili aina ya Caudron na mbili za Henri Farman. Uwanja ulisafishwa kisiwani. Ndege za Farman zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma badala ya mbao, na chuma hakijali unyevu kwa muda mfupi kama gundi inavyojali. Ndege isiyo na maboya ni nyepesi na hukata hewa kwa urahisi, kwa hiyo iliweza kupanda juu zaidi ya bunduki na kukaa huko. Hatari yake ni dhahiri: kutoka Mafia hadi delta kuna mlango wa bahari, na ndege ya magurudumu ikishuka majini hupinduka.

Wakati huo huo zilikuwa zimefika meli mbili za namna ya pekee, Severn na Mersey. Meli za aina hii huitwa monita. Zilikuwa pana, za kina kifupi, ziendazo polepole, zenye mizinga mizito kuliko ukubwa wao, na ziliweza kuingia mtoni. Mwindaji Pieter Pretorius alikuwa ametumwa kwa siri ndani ya delta kuchunguza mahali manowari ilipo na kupima kina cha njia za maji. Kila kitu sasa kilikuwa tayari, au hivyo ndivyo ilivyodhaniwa.

Tarehe 6 Julai: makombora 635

Alfajiri ya tarehe 6 Julai 1915 monita zote mbili ziliingia kwa mlango wa Kikunja, huku zikipigwa kutoka kingo zote mbili, zikatia nanga umbali wa kilomita kama kumi kutoka Königsberg. Wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao hata kidogo. Mbele yao palikuwa na mikoko. Macho yao yalikuwa Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold, waliozunguka juu na kupeleka habari kwa simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya, kwa herufi chache za msimbo uliokubaliwa.

Ugumu wa kazi yenyewe unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Kwa umbali wa mita 10,000, kosa la digrii moja upande wa kushoto au kulia hupeleka kombora mita 175 mbali. Königsberg ilikuwa na upana wa mita 13 hivi. Umbali nao haukadiriki kwa ramani pekee: joto la baruti, upepo wa juu na uchakavu wa mtutu hubadilisha mahali kombora linapoangukia. Kwa hiyo mpiga mzinga hupiga kwanza kwa makadirio, huambiwa kombora limeangukia wapi, husahihisha, hupiga tena. Kinachomfikisha kwenye shabaha ni habari inayorudi. Bila habari hiyo, kombora la mia halina ubora kuliko la kwanza.

Siku hiyo habari ilirudi, lakini ilikuwa na kasoro. Monita zote mbili zilikuwa zikipiga kwa wakati mmoja. Kombora lilichukua zaidi ya sekunde ishirini kufika, na makombora ya meli moja yaliangukia kati ya yale ya nyingine. Mengine yalimezwa na matope bila kurusha maji ya kutosha kuonekana. Mwangalizi aliona mruko wa maji na matope, lakini hakuweza kusema kwa yakini ni wa mzinga wa nani.

Chukua mfano. Tuseme Severn imekwisha kulenga sawasawa, na Mersey inapiga mita 200 pungufu. Mwangalizi anaona kombora limepungua, anapeleka neno: ongeza mita 200. Ikiwa Severn italichukua neno hilo kuwa lake, itaongeza na kuipita shabaha ambayo ilikuwa tayari mikononi mwake. Dakika moja baadaye linapelekwa neno la kupunguza, na safari hii Mersey ndiyo inayolitii. Wote wanafanya kazi kwa bidii, kila mmoja anatii taarifa iliyo ya kweli, na wote wanazidi kupotea. Hapakuwa na uongo katika ujumbe wa Arnold. Kilichokosekana ni jina la mwenye ujumbe. Kwa lugha ya maabara, vigeu viwili vilibadilishwa kwa pamoja na tokeo moja tu likapimwa.

Kisha kulikuwa na vipindi ambapo hapakuwa na ndege kabisa juu ya shabaha, kwa kuwa ilibidi zirudi Mafia kujaza mafuta na kubadilishana, na mizinga haikungoja.

Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa na chombo duni zaidi lakini chenye habari zilizo wazi: mtu aliyekaa juu ya mti karibu na monita, mwenye simu, akiangalia makombora ya meli moja tu, ya kwao. Kombora mojawapo liliipiga Mersey na kuua watu wanne papo hapo. Severn baadaye iliona jukwaa lililojengwa mtini, ikalipiga, na tangu hapo mapigo ya Königsberg yakapungua usahihi. Mti mmoja na waya wa simu vilikuwa vimewashinda, kwa saa kadhaa, watu waliokuwa na ndege.

Alasiri monita ziliondoka. Zilikuwa zimepiga makombora 635. Yaliyoipata manowari yalihesabika kwa vidole, nayo ilikuwa bado ikipiga.

Tarehe 11 Julai

Siku tano zilipita kabla ya kurudi. Katika siku hizo mizinga haikubadilishwa, wala ndege mpya hazikuletwa. Kilichobadilishwa ni utaratibu: safari hii meli moja tu ndiyo ingepiga kwa wakati mmoja, nyingine ikingoja zamu yake. Mtu aliyezoea kuhesabu nguvu kwa wingi wa mizinga angeona kwamba Waingereza walikuwa wamejipunguzia nusu ya nguvu zao kwa hiari.

Mchana wa tarehe 11 Julai, kama saa sita na nusu, Severn ilitia nanga. Königsberg ilikuwa ya kwanza kupiga na makombora yake yaliangukia karibu sana pande zote za monita. Juu, Cull na Arnold walikuwa katika Farman. Severn ikapiga mkupuo wa kwanza, Arnold akatoa kipimo chake, mzinga ukasahihishwa, ukaja mkupuo wa pili. Sasa kila mruko wa maji ulikuwa na mwenyewe. Makosa yakapungua hatua kwa hatua, na mkupuo wa nane ukaipiga manowari. Makombora 635 yalikuwa yameshindwa kufanya kwa siku nzima kazi iliyofanywa sasa katika dakika kumi hivi.

Dakika chache baadaye kipande cha kombora la Königsberg kiliipiga ndege na injini ikavunjika. Arnold alituma ujumbe kwamba wamepigwa na mashua ipelekwe kuwachukua. Kisha, badala ya kunyamaza, akaendelea na kazi.

Ndege isiyo na injini haianguki kama jiwe. Rubani akiielekeza pua chini kwa kiasi, uzito wenyewe huisukuma mbele na mabawa huendelea kunyanyua. Hubadilisha kimo kuwa umbali. Tuseme ndege ya namna ile, yenye waya na nguzo nyingi, ilikwenda mbele mita tano au sita kwa kila mita moja iliyoshuka: rubani mwenye mita 700 chini yake angekuwa na kilomita tatu unusu hadi nne za kuchagua pa kushukia, na dakika chache za kufanya hivyo. Cull alizitumia kurudi upande wa monita. Arnold alizitumia kuangalia makombora. Aliona kwamba yote yaliyopiga yanaangukia sehemu ya mbele ya manowari, akapeleka neno hilo, na kwa kusahihisha huko Severn ikaanza kuipiga katikati, palipo na mitambo. Sahihisho hilo la mwisho lilitolewa na mtu aliyekuwa akishuka kuelekea mto wenye mamba, katika chombo ambacho ilijulikana kitapinduka kikigusa maji.

Kilipinduka. Arnold alirushwa nje. Cull, ambaye hakuwa amefungua mkanda wake, alizama pamoja na ndege, akajinasua kwa shida chini ya maji. Mashua ya Mersey iliwaokota wote wawili wakiwa hai.

Königsberg ilikuwa imeshika moto na mizinga yake ikanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mlipuko mkubwa ulisikika. Mersey ikasogea ikachukua zamu ya kupiga, na ndege nyingine ikachukua zamu ya kuangalia. Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe kwa baruti ya torpedo ili isitekwe. Ikakalia matope ya Rufiji, ikiwa na maiti za mabaharia wake. Cull na Arnold wote wawili walitunukiwa nishani ya DSO, pamoja na nahodha wa Severn, Eric Fullerton.

Baada ya Rufiji

Kuzama kwa manowari hakukumaliza vita katika nchi hii, wala hakukuwapumzisha vibarua. Mizinga yake yote kumi ilitolewa majini, ikatengenezwa na kutiwa magurudumu, ikavutwa kwa mikono ya watu hadi pembe mbalimbali za koloni kulisaidia jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Mmoja uliwekwa katika meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Liemba. Mwingine huonekana Mombasa, katika Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa Pegasus, meli ile ile ambayo Königsberg iliizamisha Unguja.

Sehemu ya kikosi cha ndege ilihamishwa mwezi Septemba 1915, ikiongozwa na Cull, hadi Maktau, kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Gundi haikuwa tatizo kubwa huko kama pwani, maana nyika ni kavu. Lakini Maktau iko juu, na hewa ya huko, kwa sababu ya kimo, ni nyepesi kuliko ile ya Mafia hata asubuhi ya baridi. Na shabaha ilikuwa ya namna nyingine: si meli ya mita 115 iliyokaa mahali pamoja, bali vikosi vidogo vya askari waendao kwa miguu chini ya migunga, wakisimama tuli kila waliposikia mngurumo wa injini.